Springi ya Upande wa Dereva

Gari lilikuwa limening'inia hewani bila magurudumu wala springi, na ukungu wa Novemba ulikuwa umeingia gerejini bila kubisha hodi, ukajilaza chini yake. Thelma Garbett alisimama mlangoni akipepesa macho. Alikuwa na mafua ya siku nne na chupa ya dawa ya kikohozi mfukoni, na tangu asubuhi kila kitu kilimjia taratibu, kama anakitazama ndani ya maji. Gari lile la buluu, Lanchard la mwaka hamsini na saba, lilionekana limelala usingizi mtamu na halitaki mtu aliamshe.

"Usiegemee hapo, bibie, rangi haijakauka," alisema Clive Hemming, akitokea nyuma ya gari na kikombe cha chai mkononi. Clive ndiye mwenye gereji. Alikuwa pande la mtu, mcheshi, aliyefufua magari ya zamani kwa miaka thelathini na hakuchoka kulisema hilo. "Umekuja kumtetea marehemu tena?"

"Nimekuja kutazama."

"Tazama. Macho hayalipi kodi."

Thelma alipiga chafya, kisha akatazama. Alikuwa mpelelezi wa polisi Birmingham kwa miaka ishirini na sita, na tangu astaafu alifanya kazi za watu ambao hawakuwa na mwingine wa kumwendea. Mezani, juu ya magazeti, zililazwa springi mbili za nyuma za gari lile. Kila moja ilikuwa na mabapa saba ya chuma, yamepangwa bapa juu ya bapa na kupindwa kama upinde. Ya kushoto ilikuwa nzima. Ya kulia ilikuwa vipande viwili.

Kisa chenyewe kila mtu hapa Netherford alikijua. Juni mwaka 1959, katika mashindano ya kupanda kilima cha Coldwell, springi ile ya kulia ilikatika kwenye kona ya pili, na kijana Anthony Lisle akaingia ukutani na gari lake, akafa palepale. Waliochunguza kifo walisema chuma kilikuwa na kasoro. Katika kiwanda cha Ridgeway kilichofua springi, zile za magari ya Lanchard zilitoka mikononi mwa mtu mmoja tu, Horace Cashmore, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kutaja jina. Baba yake Anthony alilifungia gari ghalani pamoja na springi zake, na Horace alipokwenda kuomba aione ile aliyoambiwa imeua, alifungiwa mlango usoni. Alikufa miaka minne baadaye, akifagia soko la samaki.

Sasa gari lilikuwa limenunuliwa na tajiri mmoja aliyetaka kila kitu kirudi kama siku lilipotoka kiwandani. Klabu ya Coldwell nayo, kwa furaha, ilikuwa imeagiza jiwe la kumbukumbu la kuwekwa pale konani. Maneno yalikuwa tayari: Anthony Lisle, aliyeuawa na springi mbovu ya Ridgeway. Mchongaji angeanza kazi Ijumaa saa sita mchana, na leo ilikuwa Jumatano. Binti wa pekee wa Horace, Ivy Cashmore, mwenye miaka sabini na tisa, alimwambia Thelma, "Nikishakufa wachonge watakavyo. Lakini wasinichongee baba yangu nikiwa nayaona."

Thelma aliingiza kichwa ndani ya gari. Mbele ya kiti cha kushoto, pale abiria anapoweka miguu, palikuwa na kiraka cha bati cha duara kilichochomelewa.

"Hiki nini?"

"Kiraka. Haya magari yana viraka kuliko suruali ya babu yangu."

Aliandika katika daftari: kiraka, duara, kushoto. Hakujua kwa nini anaandika. Wakati mwingine mkono wake ulikuwa macho kuliko yeye.

"Springi za dukani si zipo?" aliuliza.

Clive alicheka hadi chai ikamwagika. "Zipo! Nilizifunga wiki iliyopita, gari likanyanyua matako kama kuku anayetaka kutaga. Hazina mkunjo wa zamani, wala chuma cha zamani. Mwenye gari alipoliona akaondoka bila kuniaga. Lakini nimepata dawa. Balwinder Sahota ana makabati yote ya Ridgeway, na kila gari lina kadi yake. Tutamtengenezea tajiri springi zilezile, mpaka unywele. Twende, uone mwenyewe mzee wako alivyoandika."

Karakana ya Sahota ilikuwa kando ya mfereji. Ndani palikuwa na joto la kumlaza mtu, na harufu ya mafuta yaliyoungua. Bapa jekundu lilitoka tanuruni, likaingia ndani ya pipa la mafuta, na moshi ukapanda polepole hadi darini kisha ukasita huko, kana kwamba umesahau ulikokuwa ukienda. Thelma aliketi juu ya kreti. Angeweza kulala pale hadi Krismasi.

"Dada, unaumwa," alisema Sahota, akimpa chai yenye tangawizi. Alikuwa na kilemba cha kijivu na ndevu zilizochanwa vizuri. Baba yake aliingia Ridgeway akisukuma toroli na akatoka msimamizi, na kiwanda kilipofungwa mwana alinunua tanuru pamoja na makabati. "Baba hakumkuta Horace, lakini alifundishwa na waliofundishwa naye. Hata mimi nashika nyundo kama Horace."

"Basi shika na aibu yake," Clive alisema, akifungua sandwichi yake ya bekoni.

Sahota aligeukia makabati. Alivuta droo, akachomoa kadi iliyogeuka rangi ya chai, akaisoma kwa sauti. "Gari namba 417. Nyuma kushoto, mabapa saba, kimo cha upinde inchi tano na robo tatu, dereva. Nyuma kulia, mabapa saba, inchi tano kamili, abiria."

"Kwa nini hazilingani?" aliuliza Thelma.

"Kwa sababu dereva yupo siku zote, na abiria yupo akipenda. Upande wa dereva springi hupindwa zaidi kidogo, ili akikaa gari lisiiname."

"Ngoja, ngoja." Clive aliweka sandwichi chini. "Dereva kushoto? Hapa Uingereza? Wewe ulishakaa kushoto ukaendesha? Basi mzee alizichanganya! Akamkalisha Anthony juu ya springi dhaifu. Bibie, pole sana, lakini ushahidi wako umeuleta mwenyewe kwa miguu yako."

Thelma aliumia. Alikuwa amekuja kumtoa mtu kaburini, na karatasi hii ilikuwa inamshindilia udongo. Alimfikiria Ivy akisubiri kando ya simu na koti lake begani. Alitazama moto wa tanuru ukicheza. Dawa ilimzungusha kichwa, na ndani ya mzunguko ule kile kiraka cha bati kikaja kikielea, duara, kimetulia, kikakaa mbele yake.

"Clive," alisema, "usukani unapita wapi kwenda mbele ya gari?"

"Kwenye tundu, mbele ya miguu ya dereva."

"La ukubwa gani?"

Clive alionyesha duara kwa vidole, kisha akalitambua. Alikuwa ameketi mbele ya kiraka kile miezi saba.

"Geuza kadi," Thelma alimwambia Sahota.

Nyuma ya kadi, kwa mwandiko uleule mdogo wa Horace, paliandikwa: kwa New York, usukani kushoto. Chini yake mkono mwingine, wa karani, ulikuwa umeongeza: oda imevunjwa, limeuzwa hapahapa.

"Gari la Amerika," Sahota alisema polepole. "Horace hakukosea. Alitengeneza alivyoagizwa. Mtu aliuhamisha usukani baadaye, na hakuna aliyemwambia."

"Fundi wa Anthony alikuwa nani?"

"Leonard Yapp," alisema Clive. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Yu hai bado. Analima maua kule Feckley. Lakini hata hivyo, bibie, springi dhaifu haikatiki ovyo. Inainama tu. Hiyo lazima ilikuwa na ubovu."

"Hapo amesema kweli," Sahota alikiri.

"Basi tuipime," alisema Thelma.

Clive alikwenda kuileta ile springi kwa gari lake, bila mzaha wowote safari hii. Sahota aliunganisha vile vipande viwili juu ya meza ya chuma, akavibana, akachora mstari wa chaki na kushusha rula. Alipima mara moja, akapima tena, akavua miwani.

"Tano na nusu."

"Kadi inasema tano," Thelma alisema.

"Ndiyo. Dada, nimezipima hizi tangu nina miaka kumi na sita. Springi hushuka na umri. Zote hushuka. Sijaona iliyopanda."

Alichukua kitambaa na mafuta ya taa akaanza kufuta, taratibu, kama anamwosha mtoto. Grisi ya miaka sitini ikatoka tabaka kwa tabaka. Karibu na mahali springi ilipokatika, juu ya mabapa mawili marefu, chuma kilianza kuonyesha rangi: kwanza manjano ya majani makavu, halafu zambarau, halafu buluu, zikizunguka doa jeusi. Zilikuwa rangi nzuri. Thelma aliinama kuzitazama na kwa muda akasahau ni za nini.

"Moto," alisema Sahota, akakitupa kitambaa mezani. "Mtu ameipiga moto wa gesi hapa, akaikunja ipande. Sisi bapa linaingia tanuruni lote, linazimwa kwenye mafuta lote, linarudi motoni lote. Ukichoma mahali pamoja, pale chuma kinakufa. Kitakaa wiki, kitakaa mwezi, kisha kitakatika. Horace angekatwa mkono kabla ya kufanya hivi. Hii ni kazi ya mtu wa gereji."

"Aliona gari limeinama kulia akataka kulinyoosha."

"Na dawa ilikuwa kuzibadilisha tu! Ya kushoto kulia, ya kulia kushoto. Saa moja, na chai katikati."

"Kwa nini hakuzibadilisha?"

"Kwa macho zinafanana, dada. Tofauti ni robo tatu ya inchi. Ilijulikana kwenye kadi hii tu na kwa yule aliyeiandika. Angelimuuliza Horace angeliambiwa."

Clive alikuwa amevua kofia. Aliishika mbele ya tumbo na kutazama sakafu. "Mimi nimemsema yule mzee baa zote za mji huu," alisema.

Alhamisi, Thelma alimkuta Leonard Yapp ndani ya kibanda chake cha vioo, kati ya maua meupe ya krisanthemu yaliyomfika kifuani. Vioo vilikuwa vimetandwa na mvuke, na yeye, mwembamba wa miaka themanini na mitano, alionekana kama naye ameoteshwa humo. Alimkaribisha akae juu ya ndoo.

"Umetumwa na klabu, mwanangu? Niliwaambia sihutubii."

"Nimetumwa na springi. Wewe ndiye uliyezifunga?"

"Mimi."

"Kama zilivyotoka Ridgeway?"

"Kama zilivyotoka. Nilisema hivyo mbele ya wachunguzi, ukasome." Alikata ua moja lililonyauka. "Mwaka hamsini na tisa hujazaliwa wewe."

"Nilikuwa bado. Nani alihamisha usukani?"

Mkasi ulisita. "Mimi. Siku nne. Ilikuwa kazi safi."

"Nimeiona, safi kweli. Gari likainama upande gani?"

"Halikuinama."

"Mzee Yapp, lilitengenezewa dereva wa kushoto. Ukamkalisha kulia. Liliinama."

Maji yalidondoka kutoka kiooni, tone kwa tone, juu ya majani. Thelma hakumharakisha. Alishawahi kukaa na watu wengi katika ukimya wa namna hii, na alijua kwamba anayeuvunja kwanza ndiye mwenye kitu cha kusema.

"Kidogo," alisema Leonard. "Kulia."

"Ukafanya nini?"

"Si umeshajua? Vinginevyo ungekujaje?"

"Nataka nisikie kwako."

Aliweka mkasi chini, akauweka vizuri, ncha mbele. "Niliipiga moto. Dakika mbili. Nikaikunja kwenye jiliwa la mezani hadi gari likakaa sawa, nikapaka grisi. Nilidhani zote mbili ni sawa na hiyo moja imelegea. Nilidhani mkono wa mzee umeanza kuchoka."

"Kiwanda kilikuwa dakika kumi kwa baiskeli. Kwa nini hukumwendea Horace?"

"Ningemwambiaje?" Kwa mara ya kwanza alipandisha sauti. "Kila Jumapili nakula kwake. Ananikatia nyama yeye mwenyewe, ananipa kipande cha ukingoni. Nimwambie, samahani Bwana Cashmore, springi yako imelegea? Baba mkwe wangu?"

Thelma aliona ndoo inayumba chini yake. "Baba mkwe?"

"Ivy hakukuambia?" Leonard alimtazama, na uso wake ukawa wa kijana aliyepotea njia. "Tungeoana Septemba. Keki ilishaagizwa. Baada ya Anthony kufa nilimwandikia kwamba siwezi kuoa nyumba iliyomuua rafiki yangu. Niliandika hivyo. Kwa wino. Ukweli ni kwamba nisingeweza kukaa tena mezani, yule mzee akinikatia nyama."

Sasa alikuwa analia, bila sauti, na Thelma alimhurumia na kumkasirikia kwa pamoja, wala hakujaribu kuchagua. Ilibaki jambo moja, na alilitoa kwa sababu Leonard alikuwa na haki ya kulijua.

"Zilikuwa hazilingani makusudi. Iko kwenye kadi. Ungelimuuliza angelikwambia uzibadilishe tu, kushoto na kulia."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu."

Leonard alikaa akizitazama krisanthemu. Kisha aliomba karatasi. Aliandika ukurasa mzima, akaweka sahihi na tarehe, na alipompa Thelma aliuliza, "Aliolewa?"

"Hapana," alisema Thelma.

Ijumaa saa nne na nusu asubuhi alipanda ngazi za nyumba ya Ivy, juu ya duka la mikate. Ukungu ulikuwa bado umekaa barabarani, na harufu ya mkate wa moto ilijaa chumbani. Ivy alikuwa ameketi kando ya simu na koti lake begani, kama Thelma alivyomfikiria.

"Umepata?"

"Nimepata. Baba yako hakukosea kitu. Kadi yake iko sawa hadi robo ya inchi. Springi ilichomwa moto baada ya kutoka kwake." Alisita. "Hukuniambia kuhusu Leonard."

"Hukuuliza," alisema Ivy, akanyoosha mkono.

Alisoma ukurasa ule bila haraka. Aliposoma pahala pa nyama ya Jumapili aliweka kidole hapo. Alirudi juu, akasoma mara ya pili. Thelma alikwenda dirishani, akajifanya anatazama magari.

"Alikuwa mwoga hata wa kuomba chumvi," Ivy alisema hatimaye. "Mama alikuwa akimsogezea mwenyewe." Akaikunja karatasi mara nne, akapiga simu klabuni.

Katibu wa klabu alikuwa na sauti ya kujaa, na Thelma aliisikia hadi dirishani. Ivy alichukua karatasi alizoleta Thelma, akamsomea kadi, vipimo, na barua ya Sahota yenye muhuri wa karakana na sahihi ya Clive Hemming kama shahidi. Hakufungua ule ukurasa uliokunjwa. Sauti ile ikaanza kuomba radhi kwa maneno mengi. Lile neno la Ridgeway lingefutwa leo hii. Angempigia mchongaji sasa hivi kwa simu ya pili. Lakini, Bi Cashmore, historia ni historia, na jiwe linapaswa kusema kweli. Kama si kiwanda, waandike ni nani aliyeichoma?

Ivy aliutazama ule ukurasa juu ya goti lake. Chini dukani mtu alicheka, na kengele ya mlango ikalia.

"Mwandikeni aliyekufa," alisema. "Aliyekosea niachieni mimi."